Dawa ya ukungu ya mwarobaini haipikwi kama mboga

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Safu za kilimo, vipindi vya redio na jumbe za simu siku hizi vimejaa mapishi ya dawa za asili: chukua majani ya mwarobaini, kitunguu saumu, pilipili kichaa, tumbaku na majivu, chemsha, loweka, nyunyiza, ukungu utakwisha. Kwa mkulima wa mchicha wa bonde la Msimbazi au wa matango kule Chanika, wazo lenyewe ni zuri. Mboga inayovunwa wiki ya tatu au ya nne haimpi nafasi ya kusubiri dawa kali ya dukani iishe nguvu kabla haijaingia sufuriani kwa mtu. Ubaya uko kwenye mapishi. Hayataji ugonjwa, hayana kipimo, na baadhi ya viungo vyake vinauana humo humo ndani ya ndoo. Mkulima ananyunyiza mara mbili, majani yanazidi kukauka, kisha anaapa kwamba dawa za mimea ni uongo.

Kwanza ni jina la ugonjwa. "Ukungu" wa shambani ni magonjwa mengi yaliyofungwa katika neno moja. Unga mweupe juu ya jani la tango, boga au bamia, ambao ukiupangusa kwa kidole unatoka, ni ubwiri unga. Kimelea chake kinaishi nje ya jani na huchomeka vijimizizi kwenye ngozi ya juu tu ili kinyonye, na ndiyo maana dawa ya kugusa na kufunika inakipata. Hapa mafuta ya mwarobaini hufanya kazi ya kuonekana kwa macho. Ubwiri vinyoya ni habari nyingine: madoa ya njano yenye pembe juu ya jani la tango, yaliyowekewa mipaka na mishipa ya jani, na ukiligeuza jani alfajiri unakuta manyoya ya kijivu yanayoelekea zambarau. Kutu nyeupe ya mchicha nayo hujificha chini ya jani, vipele vyeupe kama matone ya chokaa. Vimelea vya magonjwa haya mawili vina undugu na mwani kuliko uyoga, na huishi ndani ya jani. Vikishatokeza nje, huko ndani vimeshakula vya kutosha. Dawa ya mimea haiwezi kuvifuata. Inaweza kukinga majani ambayo bado ni mazima, tena kama imefika upande wa chini.

Bakajani tangulia ya nyanya huanzia majani ya chini, yale makuukuu, kwa madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Ukiyachuma majani hayo kwanza na kuyatoa shambani, dawa ya mimea itasaidia kupunguza kasi. Ukiyaacha pale, utakuwa unanyunyiza huku chanzo kinamwaga mbegu za ugonjwa kila upepo unapopita.

Yapo magonjwa ambayo hayahusiki kabisa na dawa hizi, na hapo ndipo fedha nyingi za wakulima zinapopotelea. Nyanya ikinyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi na utazame kwa dakika tatu au nne. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna cha kunyunyiza. Ng'oa, choma, na usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo hapo. Majani yaliyodumaa na kujikunja kuelekea juu, ambayo wengi huyaita rasta, ni virusi vilivyoletwa na nzi weupe. Mwarobaini unaweza kusumbua nzi, lakini mche ulioshikwa hauponi.

Kwa wasomaji wako wa Lushoto, Ilula na Njombe tunaongeza neno moja zito. Bakajani chelewa ya nyanya na viazi hupenda ubaridi na mvua. Joto la Dar es Salaam huizuia, lakini huko kwenu ndiyo nyumbani kwake. Kimelea hicho ndicho kilichoangusha viazi vya Ayalandi mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Asikudanganye mtu kuikabili kwa maji ya majani. Shamba lenye afya linaweza kuwa limeungua lote kabla ya wiki mbili kwisha. Kama hutaki dawa za viwandani zenye sumu nzito, zipo dawa za shaba, ambazo hata kilimo hai kinaziruhusu kwa masharti, nazo pia lazima zitangulie ugonjwa.

Sasa kitunguu saumu, kwa sababu ndicho kinachoharibiwa zaidi na mapishi. Punje nzima haina dawa ndani yake. Ina malighafi mbili zilizotenganishwa, na unapoiponda zinakutana na kutengeneza alisini, ile harufu kali inayochoma pua. Moja ya malighafi hizo ni kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko hayo, na kimeng'enya huuawa na moto. Anayechemsha punje kwanza ndipo aziponde amekwisha kuiua dawa kabla haijazaliwa. Anayeponda vizuri kisha akachemsha, anaifukuza kwa mvuke. Jikoni kwake patanuka, tango lake halitapata kitu. Kwa hiyo menya gramu 100, twanga kwenye kinu mpaka zilainike kabisa, ziache dakika kumi, kisha ongeza lita moja ya maji baridi. Koroga, chuja kwa kitambaa safi, halafu ongeza maji mengine mpaka jumla iwe lita mbili. Hiyo ni gramu 50 kwa lita. Nyunyiza siku hiyo hiyo, kwa kuwa alisini huvunjika yenyewe, na katika joto la hapa huvunjika upesi. Maji ya kitunguu yaliyolazwa wiki nzima kwenye dumu "yaive" yanabaki na harufu tu.

Fanyeni na hesabu. Bomba la mgongoni la lita 16, kwa kipimo hicho, linataka gramu 800 za punje zilizomenywa. Kwa bei ya kitunguu saumu pale Kariakoo, hiyo si dawa ya nusu eka. Ni dawa ya kitalu, ya bustani ya uani, ya matuta mawili matatu. Anayekuambia vichwa viwili vinatosha bomba zima anakunyunyizia harufu.

Mwarobaini una mambo yake. Watu hukimbilia majani kwa sababu yanapatikana kila uani, lakini nguvu kubwa iko kwenye kokwa, na kwa upande wa ukungu hasa iko kwenye mafuta yaliyokamuliwa kutoka humo. Azadiraktini, ile kemikali ya mwarobaini inayosifiwa sana, ni ya wadudu: inawavurugia kukua na kuwakatisha hamu ya kula. Kinachopambana na ubwiri unga ni mafuta yenyewe kulifunika jani na kukizuia kimelea kuchipua. Ndiyo maana supu ya majani ya mwarobaini iliyochemshwa huwavunja watu moyo. Wamechukua sehemu dhaifu ya mti, wakaipunguza tena kwa moto, wakaipeleka kwa adui asiye wake.

Kwa ubwiri unga anza na mililita 5 za mafuta ya mwarobaini kwa lita moja ya maji. Kama ugonjwa umeshaonekana na majani yamevumilia, panda mpaka mililita 10 na usizidi hapo. Bomba la lita 16 basi linachukua mililita 80 hadi 160. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa, lisilo na sindano, uwe unapimia hilo. Kifuniko cha chupa si kipimo, chupa hazilingani.

Mafuta na maji havichanganyiki, na hapo ndipo majani yanapoungulia. Kwa bomba hilo la lita 16 chukua mililita 30 hivi za sabuni ya maji isiyo na manukato wala dawa ya madoa, au gramu 30 za sabuni ya mche iliyoparuzwa na kuyeyushwa kwa maji ya moto. Changanya sabuni na mafuta kwanza, kwenye chombo kidogo, pamoja na maji ya uvuguvugu kama lita moja, na upige mpaka mchanganyiko uwe mweupe kama tui. Ndipo umimine kwenye bomba na kujaza maji. Ukianza na maji kisha mafuta kisha sabuni, mafuta yataelea: mstari wa kwanza wa matango utapata maji ya sabuni na mstari wa mwisho utapata mafuta matupu, uungue. Unga wa kufulia usiuguse, una chumvi na magadi yanayochoma majani. Na bomba litikiswe kila dakika chache, hata kama mchanganyiko ulionekana umeshikana.

Pwani yetu ina balaa jingine, nalo ni maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu humo, inajigandisha vipande vipande, na mafuta yanajitenga. Jaribu kwanza kwenye chupa: maji ya kisima, sabuni kidogo, tikisa. Yakitoa utando wa kijivu badala ya povu, tafuta maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya dawa tu. Shamba endelea kulimwagilia kwa ya kisima. Maji ya mtaro na ya mto uliopita viwandani na vyooni yasiingie kabisa kwenye bomba la kunyunyizia mboga ya majani. Mtu anaacha dawa ya dukani ili amlinde mlaji, kisha anamrushia kipindupindu kwenye mchicha.

Asiye na mafuta atumie kokwa. Zikaushwe kivulini, zisifungwe kwenye mfuko wa nailoni, na zichambuliwe moja moja kabla ya kutwangwa. Kokwa yenye ukungu wa kijani au mweusi itupwe. Mwarobaini uliohifadhiwa na unyevu huota ukungu ule ule unaotengeneza sumukuvu kwenye mahindi na karanga, na hakuna sababu ya kuutwanga na kuumwagia chakula. Gramu 50 za unga wa kokwa kwa lita, loweka usiku kucha, chuja mara mbili, tumia asubuhi hiyo. Chujio la tui halitoshi peke yake, weka na kitambaa ndani yake, la sivyo mdomo wa bomba utaziba na utashinda shambani ukiupuliza.

Kuhusu saa ya kunyunyiza, ushauri unaozunguka ni jioni, kwa sababu jua huvunja azadiraktini. Kwa wadudu ni sawa. Kwa ukungu sisi tunapendelea asubuhi na mapema, ili jani liwe limekauka kabla ya saa tatu. Jani linalolala na maji ni kitanda cha ubwiri vinyoya na kutu nyeupe, na mkulima anayenyunyiza saa kumi na mbili jioni, juu ya umwagiliaji wa keni wa saa kumi na moja, anautandikia ugonjwa. Kumwagilia mchicha asubuhi badala ya jioni, na kupunguza mbegu kwenye tuta ili upepo upite, huzuia kutu nyeupe kuliko chochote kilichomo katika barua hii. Saa za jua kali usinyunyize mafuta kabisa. Kwenye joto la Januari na Februari hata asubuhi jaribu kwanza majani machache, ngoja siku mbili, tazama kingo zake. Na kama ulishapiga salfa, acha wiki mbili zipite kabla ya mafuta, kwa maana vikikutana juu ya jani vinaliunguza.

Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, na baada ya mvua ya kuosha anza upya. Wakati wa masika hilo linachosha, na tunakiri kwamba masika ndiyo miezi ambayo dawa hizi hushindwa zaidi. Mboga ya majani iache siku tatu au nne kabla ya kuvuna. Si kwa usalama tu: uchungu wa mwarobaini hukaa kwenye jani, na mteja aliyekula mchicha mchungu mara moja harudi kwenye kizimba chako.

Tunapenda kuligusa zao la jirani zetu wa Unguja na Pemba, maana ndilo lenye ahadi kubwa na ndilo linaloweza kudhuru zaidi. Mafuta ya karafuu, yakiwemo ya makonyo yanayokamuliwa Pemba, yamejaa eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliidhinisha eujenoli, pamoja na jeranioli na thaimoli, kemikali nyingine za mimea yenye harufu, kutumika dhidi ya ukungu wa zabibu. Lakini dawa iliyotokana na idhini hiyo haikuwa chupa ya mafuta na maji. Mafuta haya hupotea hewani ndani ya saa chache, kwa hiyo yalifungiwa ndani ya maganda matupu ya chembe za hamira ili yatoke pole pole. Halafu kuna kipimo. Karafuu hiyo hiyo, ukiizidisha, ni dawa ya kuua magugu, na nje huuzwa hivyo. Mililita moja kwa lita, pamoja na sabuni, ni mahali pa kuanzia. Mililita 50 kwa lita ni kaburi la mche. Tofauti kati ya dawa na kiuagugu hapa ni mkono wa anayemimina.

Vilivyobaki kwenye ndoo ya mapishi havina kazi ya ukungu. Pilipili ni ya kufukuza wadudu. Tumbaku ni sumu inayopenya kwenye ngozi ya mnyunyizaji, na inaweza kubeba virusi vya batobato hadi kwenye nyanya na pilipili hoho. Utupa, mmea ambao wengine huuongeza humo, huua samaki. Maji ya kuoshea bomba yakiingia bwawani umemmaliza mfugaji wa jirani, na ukungu uko pale pale. Majivu hugeuza maji kuwa ya magadi, na azadiraktini na alisini zote mbili huvunjika haraka katika maji ya namna hiyo. Yaani mtu analipia kitunguu saumu, kisha anatia majivu ya bure yaje kukiharibu. Cha kushangaza, maziwa, ambayo mapishi mengi yameyasahau, yana rekodi nzuri kwa ubwiri unga: sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji, nyunyiza kukiwa na jua, kila wiki. Majaribio ya Brazili yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha hivyo kwenye maboga madogo.

Anayetaka kujua kama dawa yake inafanya kazi asilinganishe na mwaka jana. Atenge matuta matatu yaliyopandwa siku moja. La kwanza apige maji, la pili maji na sabuni, la tatu dawa kamili. Kila wiki achukue majani 20 bila kuchagua kwenye kila tuta, ahesabu yenye ugonjwa, aandike. Tuta la sabuni ndilo linalosahauliwa, na ndilo linaloaibisha wengi: mara nyingi sabuni peke yake imefanya nusu ya kazi ambayo kitunguu kilisifiwa kwayo.

Kuna na wanaouza. Chupa zisizo na jina wala tarehe zinazunguka masokoni zikiitwa "asili, haina madhara". Kiuatilifu kinachouzwa nchini, kiwe cha mmea au cha kiwandani, kinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Chupa isiyo na lebo ya usajili inaweza kuwa maji ya majani, na inaweza kuwa dawa kali ya dukani iliyochanganywa na harufu ya mwarobaini. Mnunuzi hana namna ya kujua.

Na mahindi ya ghalani. Majani ya mwarobaini ndani ya gunia hayaondoi sumukuvu iliyokwisha kutengenezwa, na hata kuuchuja au kuuchagua ukungu unaoonekana hakuimalizi. Vifo vya Dodoma na Manyara mwaka 2016 vilitokana na sumu hiyo. Kinga ni kukausha juu ya turubai mpaka unyevu ushuke asilimia 13 hivi, na kuinua magunia kutoka sakafuni.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila mnapochapa pishi la dawa ya mimea, mwandishi aulizwe: ni ya ugonjwa gani, sehemu gani ya mmea, gramu ngapi kwa lita ngapi, inakaa muda gani kabla ya kuharibika, na siku ngapi mpaka mboga iliwe. Asiyeweza kujibu, pishi lake lisubiri.

Na msomaji ambaye hana hakika na ugonjwa wake achume majani manne au matano, yenye dalili changa na siyo yaliyokwisha kuoza, ayapeleke kwa afisa ugani wa kata siku hiyo hiyo. Asiyatie kwenye mfuko wa nailoni. Yatatoa jasho na kuota ukungu mwingine njiani, na aliye mezani atasoma ugonjwa usio wa shamba. Ayafunge kwenye gazeti kavu. Hili lenu linafaa.

Wataalamu wa afya ya mimea,
Dar es Salaam